Gudulia Nililolitoa kwa Mikono Yangu

Nyuma ya duka la nguo la Bi. Mwanaisha, mjini Migori, kulikuwa na ua mdogo ambamo harufu mbili zilikutana kila asubuhi. Upande wake ulitoka moshi wa udi, mzito na mtamu, ukipita kwenye nyufa za mbao na kujishika kwenye nguo zetu za shule zilizoanikwa kambani. Upande wetu, siku za kuchoma vyungu, ulitoka moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani ya mahindi, moshi mkali unaowasha macho. Mama alikuwa mfinyanzi. Alitoka Kosele, akaja Migori baada ya baba kufariki, akapanga chumba kimoja katika ua ule kwa sababu soko lilikuwa karibu na udongo mzuri ulipatikana kando ya mto. Nilikuwa darasa la tano. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu, na kama ungeniuliza wakati huo, ningekuambia kwamba hakuna mahali pazuri duniani kuliko ua ule. Leo nikiisikia harufu ya udi mahali popote, hata kwenye arusi ya rafiki, meno yangu hukazana. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa kicheko. Mimi naukumbuka kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Bi. Mwanaisha alikuwa mwanamke wa Lamu aliyeolewa na mfanyabiashara, akamfuata bara, na mumewe alipofariki akabaki na duka. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alimpenda mama kwa namna ambayo watu wa soko waliiona ya ajabu. Wajane wawili, mmoja akiuza vitambaa na mwingine vyungu, waliketi mlangoni jioni wakichambua mchele katika ungo mmoja. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, chenye Kijaluo ndani yake, na cha Bi. Mwanaisha kilikuwa cha pwani, kirefu na laini, lakini walielewana. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuingia sebuleni kwake, mahali ambapo hata wateja wake wakubwa hawakufika, na huko ndiko nilikoliona gudulia.

Lilikaa peke yake katika kidaka, tundu la ukutani alilomwomba fundi amchongee ili sebule yake ya Migori ifanane kidogo na nyumba ya kwao. Lilikuwa na tumbo la duara na shingo nyembamba, kimo chake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwili wake ulikuwa mweupe, na juu ya weupe ule mtu alikuwa amechora kwa brashi maua ya buluu na majani ya kijani kibichi, mashina yakipindana na kuzunguka hadi nisijue lipi limeanzia wapi. Shingoni palikuwa na mstari wa herufi za Kiarabu. Juu ya michoro yote kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama kioo, kiasi kwamba dirisha likiwa wazi ungeona mwanga wake mdogo ukikaa kwenye tumbo la chombo. Bi. Mwanaisha alinieleza kwamba lilifinyangwa Uajemi, zamani sana, likaletwa na wafanyabiashara hadi kisiwa cha Pate, na kwamba katika ukoo wao lilirithiwa na wanawake tu. Zile herufi, alisema, zilikuwa dua ya kumtakia baraka anayelimiliki. Hakuwahi kuliwekea maji wala maua. Kila Alhamisi alilifuta kwa kitambaa laini, akalirudisha.

Lilivunjika siku mafundi walipokuja kubadilisha mabati. Nyundo ziligonga asubuhi nzima, ukuta ukatetemeka, gudulia likasogea kidogo kidogo hadi likadondoka juu ya mkeka. Tumbo lilisalimika. Shingo ilikatika vipande vitatu. Nilikuwa uani nilipomsikia Bi. Mwanaisha akimwita mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mama Akinyi," alisema, vipande vikiwa mapajani mwake, "hili ni la nyanya ya nyanya yangu. Wewe unajua udongo. Nitazamie, tafadhali."

Mama aliketi chini bila kunawa mikono. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza, halafu akafanya jambo lililomshangaza Bi. Mwanaisha lakini ambalo mimi nilikuwa nimeliona mara nyingi: alikigusisha ulimi pale kilipovunjika. Alikuwa akipima jinsi udongo unavyokunywa. Kisha akatabasamu.

"Ndani inakunywa kama yetu," alisema. "Nje ndiyo inakataa maji. Nilidhani ni kitu ya mashine. Kumbe ni mtu alifinyanga."

Alilichukua gudulia hadi chumbani kwetu. Kwa siku mbili alitafuta vitu vyake: utomvu wa mti aliouleta kutoka Uriri, ute wa yai, na unga wa makombe ya konokono wa ziwani aliyoyachoma na kuyasaga mpaka yakawa laini kama poda. Aliunganisha kipande baada ya kipande, akivishika kwa vidole bila kupumua sana. Kabla hajafunga kipande cha mwisho aliniita. "Weka kidole hapa ndani," aliniambia kwa Kijaluo. Niliweka. Ndani ya shingo, mahali ambapo macho hayafiki, kulikuwa na mifereji midogo inayozunguka. "Ni vidole vyake," mama alisema. "Huyo aliyelifinyanga. Alikuwa na mkono mdogo. Labda alikuwa mwanamke." Sijui kama alikuwa mwanamke. Najua tu kwamba mama alilala akiwa na furaha siku ile, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu asiyemjua.

Gudulia lilihitaji kukaa bila kuguswa hadi Jumatatu. Mama alilisimamisha kwenye pembe ya chumba, juu ya pete ya majani makavu, akalizungushia leso yake yenye maua ya manjano ili vumbi lisiingie kwenye gundi. Jumamosi alikwenda sokoni kama kawaida. Bi. Mwanaisha alikuwa ameondoka asubuhi kwenda arusini Homa Bay. Nilibaki peke yangu nikifua sare, na mchana akaja Bwana Twalib.

Twalib alikuwa ndugu wa Bi. Mwanaisha, tumbo moja. Alikuja na kuondoka, akikaa kwa dada yake wiki mbili au tatu, akisema ana biashara Nairobi ambayo hatukuwahi kuiona. Alivaa viatu vilivyong'arishwa na aliwapa watoto peremende. Nilimpenda, na hilo nalo linaniuma.

"Akinyi, dada amenituma," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Lile gudulia nilipeleke ndani kwake."

"Mama alisema lisiguswe mpaka Jumatatu."

Alicheka. "Mimi si wa nyumba ile? Au unadhani nitalila?"

Nami nilikuwa mtoto, na yeye alikuwa mtu mzima, ndugu wa mwenye mali, na nilikuwa nimefundishwa kutowabishia wakubwa. Niliinama, nikalibeba gudulia pamoja na leso ya mama, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Alinigusa kichwa. "Msichana mzuri," alisema. Halafu akatembea. Mlango wa Bi. Mwanaisha ulikuwa mkono wa kushoto, hatua kumi tu. Yeye alikwenda kulia, kwenye lango la nje, ambako gari jeupe lilikuwa limesimama. Niliona. Nilisimama na povu la sabuni mikononi, nikaona, na sikusema kitu.

Bi. Mwanaisha aliporudi Jumapili na kuja kulitazama gudulia lake, mama alishtuka kuliko yeye. Nilieleza mara moja. Twalib aliitwa, akaja, akasikiliza mashtaka yangu akiwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye huruma, kisha akasema hajafika chumbani kwetu maisha yake yote. Alisema jambo hili ni zito, na kwamba bora lipelekwe kwa wakubwa ili pasiwe na kusingiziana. Ni yeye aliyetaka twende. Nimelifikiria hilo miaka mingi: mwizi ndiye aliyetuongoza kwenda kushtaki wizi.

Jumatatu tulikwenda polisi, ofisi ndogo yenye meza na benchi, na afisa aliyekuwa akila karanga. Sitamtaja jina kwa sababu sikuwahi kulijua. Alimsikiliza Twalib kwa muda mrefu. Alimsikiliza mama kwa muda mfupi.

"Mimi sijachukua kitu ya mtu," mama alisema. "Huyu mtoto alikuwa hapo. Muulize."

Nilisema, "Nilimpa yeye. Alikuja Jumamosi mchana. Gari ilikuwa nyeupe."

Afisa alitema ganda la karanga. "Wewe mtoto, nani amekuuliza?" Kisha akamgeukia mama. "Umemfundisha mtoto wako uongo. Hiyo ni makosa ya pili."

Nilimtazama Bi. Mwanaisha. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, na alinijua. Alijua kwamba sikuwahi kuchukua hata tende moja mezani kwake bila kuomba. Nilingoja aseme neno moja tu: mtoto huyu hasemi uongo. Alitazama mikono yake, kwenye hina iliyobaki ya arusi, na akanyamaza. Mama alifungiwa mahabusu siku mbili. Mimi nilichukuliwa na Mama Boke, mwanamke wa Kegonga aliyeuza maharagwe karibu na mama, ambaye hakuniuliza lolote, alinipa tu chakula na kunifunika.

Chumba chetu kilipekuliwa, hata sakafu ikachimbwa, wasipate kitu. Jumatano wakamwachilia mama kwa sababu hawakuwa na la kumshikia. Alikuja kunichukua akiwa na nguo zile zile, akanawa uso, akaniambia twende sokoni kwa kuwa vyungu vyake vilikuwa vimekaa siku tatu bila mwenyewe. Alidhani kuachiliwa kulikuwa jibu. Sokoni walikuwa wameshajijibu wenyewe. Mama Sella, muuza mboga, aliyekaa ubavuni kwa mama tangu tulipofika Migori, aliyekopa maji kwetu na kunisuka nywele, alisimama mama alipomsalimu habari ya asubuhi.

"Sisi hatuketi na mwizi," alisema, na kwa mguu wake akausukuma mtungi wa kwanza.

Ulikuwa mtungi mkubwa wa maji, ule ambao kwetu huitwa dapi, ambao mama aliufanyia kazi wiki nzima. Ulibingirika, ukagonga jiwe, ukapasuka. Sauti ile iliwafungulia wengine. Sijui walitoka wapi. Walikuwepo wanawake, vijana wa kubeba mizigo, hata mtu mmoja aliyekuwa amenunua chungu kwa mama mwezi uliotangulia. Walivunja kila kitu. Wengine walikuwa wakicheka. Mama Boke alipiga kelele waache, akasukumwa pembeni. Mama hakupigana na hakulia. Alinivuta nyuma yake, mkono wake ukiwa umefunika macho yangu, lakini vidole vilikuwa na nafasi katikati na niliona yote. Walipochoka, walirudi kwenye biashara zao. Walirudi kupima nyanya na kufunga sukumawiki, kana kwamba walikuwa wametoka tu kufukuza kuku.

Siku iliyofuata tuliondoka kwenda Kosele. Nilimwambia mama, tulipofika nyumbani kwa nyanya, kwamba kosa lilikuwa langu. Nilitaka anipige. Nadhani angenipiga ningepona mapema. Alinikalisha mbele yake, akanishika kidevu.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "wewe ulisema ukweli mara mbili, kwangu na kwa yule mkubwa. Kama hawakutaka kusikia, hiyo si kazi yako. Lakini usinyamaze siku nyingine kwa sababu yao."

Aliendelea kufinyanga, ila vyungu vidogo tu, vya majirani. Hakupeleka kitu soko lolote. Mwanamke aliyekuwa akiimba akipiga udongo akawa anaupiga kimya. Nami nilikua nikikisikiliza kimya kile, na kila mwaka kilinipa jina jipya la kulaumu: Twalib, afisa, Mama Sella, wale waliocheka.

Miaka mitatu ilipita. Nilikuwa darasa la nane, Jumapili moja mchana, nilipomwona mwanamke mwenye buibui akishuka kwenye njia ya kwetu akiwauliza watoto nyumba yetu. Bi. Mwanaisha alikuwa amekonda. Mama alimpokea kama mgeni yeyote, akamtolea kiti nje penye kivuli cha nyumba, akanituma maji. Waliulizana habari za afya. Kisha Bi. Mwanaisha akafungua mkoba wake na kutoa kitu kilichokunjwa vizuri, kimepigwa pasi. Ilikuwa leso ya mama yenye maua ya manjano.

"Niliipata chumbani kwa Twalib," alisema. "Chini ya kitanda. Nilipomwonyesha, hakukana. Alikuwa amemuuzia gudulia mtu wa Nairobi, na yule mtu keshalisafirisha nje."

"Uliipata lini?" mama aliuliza.

Bi. Mwanaisha aliufunga mkoba wake. "Jumanne ile."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe. Nilihesabu kichwani. Jumanne ile mama alikuwa bado mahabusu. Vyungu vilivunjwa siku iliyofuata. Mwanamke huyu alikuwa na leso mkononi, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka sokoni, na alisikia vyungu vikipasuka.

"Ndiye ndugu yangu pekee aliyebaki," alisema, machozi yakimtoka. "Ningemfunga kwa mkono wangu? Nilisema nitangoja kidogo, mambo yapoe. Sasa ni mgonjwa, na mimi silali. Nimekuja kukuomba radhi, Mama Akinyi. Niko chini ya miguu yako."

Mama aliikunjua leso, akaitazama, akaikunja tena. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Umekuja mbali," alisema. "Lakini umekuja mahali si penyewe. Hapa Kosele hakuna mtu alinishtaki. Hapa kila mtu anajua mimi ni nani. Rudi Migori, simama pale walipovunja vyungu vyangu, useme haya maneno. Ukishasema, mimi na wewe hatuna kitu."

"Wataniona vipi?" Bi. Mwanaisha alinong'ona. "Nina duka pale. Nina binti wa kuolewa."

"Mimi pia nilikuwa na binti," mama alisema.

Mama alimpikia chai, Bi. Mwanaisha akanywa kidogo, akaaga. Mama alimsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Mimi sikumuaga. Nilitaka kumrukia, nilitaka kuichana ile leso iliyopigwa pasi miaka mitatu kama nguo ya sikukuu. Mama aliporudi nilimuuliza kama amemsamehe. Alisema ametua mzigo wake, na kwamba ule mwingine si wake kuubeba. Bi. Mwanaisha hakusema lolote sokoni. Mwaka uliofuata aliuza duka akarudi pwani. Twalib alifariki, nasikia, akazikwa na watu wengi.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na ni mkalimani mahakamani. Kazi yangu ni kusimama kati ya hakimu na watu wanaozungumza Kijaluo, nikiyapitisha maneno bila kupunguza. Siku hizi mtoto akija kutoa ushahidi huletewa kiti, huulizwa jina lake kwa upole, hupewa maji, na anachosema huandikwa. Nimeyaona mambo haya kwa macho yangu na nayafurahia. Lakini kuna siku naona mtoto wa miaka kumi akisikilizwa na chumba kizima, na lazima nishike ukingo wa meza, kwa sababu kinachonipanda kifuani si furaha. Watu husema nyakati zile zilikuwa tofauti, kwamba hatukujua. Uongo. Afisa yule alijua kuuliza maswali, alimuuliza Twalib mengi. Bi. Mwanaisha alijua. Mama Boke aliyeuza maharagwe alijua, na alipiga kelele. Haukuwa wakati ulionyamaza. Walikuwa watu, wenye majina, na wengi wao bado wanatembea Migori. Mji umekua, soko limejengewa paa na vizimba, na mahali mama alipopanga vyungu vyake panauzwa chaja za simu. Wapo wanaosema bado, nikipita, kwamba huyo ni binti wa yule mwanamke aliyeiba mali ya watu wa pwani.

Mwaka jana mama mmoja mzee aliletwa mahakamani kwa kesi ya shamba, upande wa walalamikaji. Alihitaji mkalimani. Nilimtambua kabla jina halijasomwa: Mama Sella. Nilimfanyia kazi yake asubuhi nzima, neno kwa neno, sawa na ninavyomfanyia kila mtu, na alipata alichokuwa akikitafuta. Nje, kwenye veranda, alinishika mkono.

"Wewe si Akinyi?" alisema. "Mama yako yuko? Alikuwa mtu mzuri sana yule. Hakuwa na neno na mtu."

"Yuko," nilimjibu. "Yuko Kosele, na masikio yake bado ni mazima. Magari ya kwenda huko siku hizi yanatoka kila nusu saa. Nenda ukamwambie."

Aliuachia mkono wangu. Alisema miguu inamsumbua, kwamba ataangalia, labda baada ya mavuno. Mavuno yamepita mara mbili. Kila nikienda nyumbani namuuliza mama kama amepata mgeni kutoka Migori, naye hunijibu, bila hasira yoyote, kwamba hajapata.